Boila ya mafuta itoke, pampu ya joto iingie: jengo la zamani la ghorofa litaweza?

Tangu mwaka 2023 Ujerumani inabishana juu ya mtambo ambao wapangaji wengi hawajawahi hata kuuona, ule uliofungwa chini ya jengo na kupasha joto nyumba zote. Tarehe 8 Septemba mwaka huo Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya nishati ya majengo, yakaanza kutumika Januari 2024, na tangu hapo kila mtu ana lake. Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wanaoishi huku utamkuta mmoja ana uhakika kwamba serikali itakuja kung'oa boila zote za mafuta. Mwingine anaapa kwamba pampu ya joto ni ya nyumba mpya tu, jengo la miaka ya sitini haliwezi. Wa tatu kapata barua ya mwenye nyumba yenye neno Wärmepumpe, yaani pampu ya joto, na hesabu ya kodi mpya, anauliza afanye nini.

Naandika kwa ajili ya huyo wa tatu hasa, na kwa ndugu zetu walionunua fleti kwenye majengo ya zamani ambao sasa wanaitwa kwenye kikao cha wamiliki kupigia kura jambo ambalo hakuna aliyewaeleza vizuri. Ni pesa nyingi, na ni joto la vyumba wanamolala watoto wakati wa baridi. Halifai kuamuliwa kwa uvumi.

Mtambo wenyewe unafanyaje kazi

Boila ya mafuta haina siri. Chini ya jengo kuna tangi, mara nyingi la maelfu ya lita, lenye mafuta yanayofanana sana na dizeli. Boila inayachoma na kupasha maji, pampu ndogo inayasukuma maji hayo hadi kwenye rejeta zilizofungwa ukutani katika kila chumba, yanaacha joto humo, kisha yanarudi chini yakiwa yamepoa. Lita moja ya mafuta ina nishati ya karibu uniti 10, na nasema uniti ile ile ya umeme tunayonunua nyumbani kwa LUKU au kwa tokeni. Sehemu ya joto hilo hutoka na moshi, kwa hiyo boila iliyozeeka hukufikishia kama uniti 8 na nusu.

Pampu ya joto haichomi chochote. Inahamisha joto kutoka mahali pamoja kulipeleka pengine. Ukigusa mgongo wa friji utaukuta wa moto: hilo ni joto lililotolewa ndani kwenye vyakula na kutupwa nje. Kiyoyozi cha ofisini Dar es Salaam au Mombasa kinafanya vivyo hivyo, kinalichukua joto la chumbani na kulitupa mtaani. Pampu ya joto ni mtambo wa ukoo huo huo, ila huku umegeuzwa: unachota joto nje na kulileta ndani.

Lakini nje ni baridi, joto linatoka wapi? Swali hili huulizwa kila mara na ni la haki. Jibu ni kwamba hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri kwetu ni baridi kwa kuwa mwili wa binadamu una nyuzi 37, lakini joto bado limo. Ndani ya mtambo inazunguka gesi. Pampu nyingi mpya hutumia propani, ambayo imo pia kwenye mitungi yetu ya kupikia, na propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo hata hewa hiyo tunayoikimbia inatosha kabisa kuichemsha. Ikishageuka mvuke, kompresa inaikandamiza, na mvuke ukikandamizwa hupanda joto. Mvuke huo wa moto unapitishwa kandokando ya maji yanayokwenda kwenye rejeta, unayaachia joto lake, unarudi kuwa kimiminika, na mzunguko unaanza tena. Umeme unaendesha kompresa. Joto lenyewe kwa sehemu kubwa limetoka nje, bure.

Wala si teknolojia ya juzi. Ukumbi wa jiji la Zurich, Uswisi, ulifungiwa pampu inayochota joto kwenye mto Limmat mwaka 1938. Norway, ambako baridi ni kali kuliko ya Berlin, ilipiga marufuku kupasha joto majengo kwa mafuta tangu Januari 2020, na pampu za joto huko ni kitu cha kawaida kama redio.

Namba ya kuuliza kabla ya zote

Ubora wa pampu hupimwa hivi: chukua joto lote lililotolewa kwa mwaka, ligawe kwa umeme wote uliotumika. Ukipata 3, maana yake kwa kila uniti moja ya umeme uliyolipia, nyumba imepata uniti 3 za joto. Kwenye karatasi za Kijerumani namba hiyo inaitwa Jahresarbeitszahl. Hapa niiite namba ya mwaka. Taasisi ya Fraunhofer ISE ya Freiburg ilipima pampu kwenye nyumba za zamani zilizokaliwa na watu, ikatoa matokeo mwaka 2020: zinazochota joto hewani zilifikia wastani wa 3.1, zinazochota ardhini 4.1. Nyumba nyingi katika kipimo hicho zilikuwa ndogo, za familia moja au chache, kwa hiyo mtu asikuahidi kirahisi kwamba jengo la fleti kumi na mbili litafika hapo hapo.

Namba ya mwaka hupandishwa au kushushwa na kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni joto la maji yanayopanda kwenda kwenye rejeta. Fikiria pampu ya maji ya nyumbani inayojaza tangi. Tangi likiwa ghorofa ya kwanza, umeme kidogo unatosha. Likiwekwa ghorofa ya tano, maji ni yale yale, kisima ni kile kile, lakini bili inapaa kwa sababu ya kimo. Pampu ya joto nayo inapandisha: kutoka joto la nje hadi joto la maji ya rejeta. Kutoka sifuri hadi nyuzi 40 ni kilima kifupi. Kutoka sifuri hadi nyuzi 70 ni mlima, na kompresa inaukwea kwa umeme wako. Kila nyuzi moja unayoipunguza kwenye maji hayo hushusha matumizi ya umeme kwa asilimia 2 hadi 2.5 hivi.

Mafundi wanatumia mpaka wa nyuzi 55. Jengo likiweza kukaa na joto la kutosha, siku ya baridi kali kabisa, kwa maji yasiyozidi nyuzi 55, pampu italifaa. Likihitaji 70, kuna kazi ya kufanya kwanza. Kwa hiyo swali la kuuliza kikaoni halina uhusiano na mwaka jengo lilipojengwa. Uliza: maji yetu yanapanda yakiwa na nyuzi ngapi, na je, yanahitaji kweli kuwa hivyo?

Teremka kwenye chumba cha boila

Nenda ukaone mwenyewe, kama msimamizi wa jengo atakufungulia. Utapokewa na harufu ya mafuta. Kwenye boila kuna mabomba mawili makubwa, kila moja na kipimajoto chake cha duara, mara nyingi kimoja chekundu na kingine cha buluu. Chekundu ni maji yanayopanda, Vorlauf. Cha buluu ni yanayorudi, Rücklauf. Majengo mengi ya zamani utakuta chekundu kinasoma 65 au 70, na ukiuliza kwa nini, jibu la kawaida ni kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Mara nyingi kuna historia ndogo nyuma yake. Fleti ya pembeni ghorofa ya chini, juu ya stoo isiyo na joto, au ile iliyo chini ya paa, ilikuwa na chumba cha baridi. Mkaaji akalalamika. Fundi akaja, na badala ya kushughulika na chumba hicho akapandisha maji ya jengo zima. Chumba kikapata joto, na nyumba nyingine kumi na moja zikaanza kufungua madirisha mwezi wa Januari. Boila ya mafuta inasamehe uzembe huu kwa sababu kuchoma hadi nyuzi 70 si kazi kwake. Pampu ya joto haisamehi.

Habari njema ni kwamba rejeta za majengo hayo mara nyingi ni kubwa kuliko zinavyohitajika leo. Zilikadiriwa enzi ya madirisha ya kioo kimoja. Baadaye, hasa miaka ya themanini na tisini, madirisha yalibadilishwa yakawa ya vioo viwili, paa likawekwa kizuia joto, lakini rejeta zikabaki zile zile. Chumba kinachohitaji joto dogo chenye rejeta kubwa kinaweza kupashwa na maji ya uvuguvugu.

Kujua kama ndivyo kwenu, kuna jaribio ambalo halihitaji mtaalamu wa kulipwa maelfu. Msubiri wimbi la baridi, siku ambazo nje kuna barafu mchana na usiku. Fundi apunguze maji yanayopanda hadi nyuzi 55. Kila mkaaji afungue rejeta zake zote kabisa kwa siku mbili tatu, kisha aandike joto la kila chumba. Vyumba vilivyofika nyuzi 20 au 21 havina tatizo. Visivyofika vinajulikana kwa jina. Mara nyingi itabainika kwamba katika rejeta sitini za jengo, zinazotakiwa kubadilishwa ni chache, za vyumba vile vya pembeni na vya chini ya paa.

Sambamba na hilo, mwite fundi asawazishe mgawanyo wa maji, kazi wanayoiita hydraulischer Abgleich. Maji ni mvivu, hupita njia fupi. Rejeta za karibu na boila zinashiba, za mbali zinabaki na njaa. Fundi anarekebisha valvu ya kila rejeta ili kila moja ipate sehemu yake. Ni kazi ya gharama ndogo ukilinganisha na mtambo mpya, na hupunguza mafuta hata kama pampu haitakuja kamwe. Kwa maoni yangu, mwenye nyumba anayekuletea bei ya pampu bila kuwahi kufanya haya mawili hajafanya kazi yake.

Hapa ndipo imani mbili zinazosambaa sana zinapokosa mashiko. Ya kwanza ni kwamba lazima mabomba yapite chini ya sakafu. Sakafu ya joto ni nzuri kwa sababu inatumia maji ya nyuzi 35, lakini rejeta za ukutani za ukubwa unaofaa zinatosha. Ya pili ni kwamba lazima jengo zima livishwe koti la kuzuia joto kwanza. Koti linasaidia, na dari ya chumba cha chini na sakafu ya darini huzibwa kwa gharama nafuu, ila si sharti. Kinachoamua ni kile kipimajoto chekundu.

Hesabu ya jengo la fleti kumi na mbili

Tuchukue jengo la mfano: fleti 12, kila moja mita za mraba 65, jumla 780, linachoma lita 12,500 za mafuta kwa mwaka. Tuseme lita ni euro 1. Hiyo ni euro 12,500. (Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, lita ilivuka euro 2, na wanaokumbuka hesabu ya mwaka ule hawahitaji kuelezwa maana yake.) Joto linalofika kwenye nyumba ni kama uniti 106,000.

Pampu yenye namba ya mwaka 3 ingehitaji uniti za umeme zipatazo 35,400. Kwa bei maalumu ya umeme wa pampu, tuseme senti 27, ni karibu euro 9,560. Tofauti ni karibu euro 3,000 kila mwaka. Sasa weka pampu hiyo hiyo kwenye jengo lililoachwa na maji ya nyuzi 70, namba ishuke hadi 2.3. Umeme unakuwa uniti 46,000, gharama euro 12,450. Faida yote imeyeyuka. Mtambo ni uleule, jengo ni lilelile. Kilichobadilika ni maandalizi.

Ndiyo maana huwa siwasikilizi wanaosema pampu ni balaa wala wanaosema ni mkombozi, kama hawajataja namba.

Na umeme wenyewe, si unatoka kwenye makaa ya mawe? Kwa sehemu, bado. Lakini zaidi ya nusu ya umeme wa Ujerumani sasa unatokana na upepo, jua na vyanzo vingine jadidifu, na uniti moja kwa wastani huzalisha chini ya gramu 400 za kaboni dioksidi. Gawanya kwa 3, unapata kama gramu 130 kwa uniti moja ya joto. Mafuta kwenye boila ya zamani hutoa zaidi ya gramu 300. Na kila mwaka umeme unazidi kuwa safi, wakati lita ya mafuta itabaki vile ilivyo.

Panapokuwa pagumu kweli

Jengo la ghorofa lina matatizo ambayo nyumba ya familia moja haina, na anayekuficha hayo hakutakii mema.

Maji ya kuogea ndiyo yanayosumbua zaidi. Jengo lenye tangi moja kubwa la maji ya moto linatakiwa kuyaweka kwenye nyuzi 60, kwa sababu chini ya hapo bakteria wa legionela wanaweza kuzaliana kwenye mabomba, na mvuke wa bafu ukawapeleka mapafuni. Kwa hiyo hata ukishusha maji ya rejeta hadi 45, maji ya kuogea yanabaki juu, mwaka mzima, kiangazi na kipupwe. Suluhisho zipo. Wengine hufunga kifaa kidogo katika kila fleti kinachopasha maji safi pale pale yanapohitajika, bila kuyahifadhi. Wengine hutenga pampu ndogo ya pili kwa maji ya kuogea pekee. Zote zina gharama, na bei isiyozitaja ni bei pungufu.

Kelele ni jambo la halali pia. Kifaa cha nje kina feni, na ua wa jengo uliozungukwa na kuta unarudisha sauti. Kanuni za Ujerumani zinaweka kikomo cha desibeli 40 usiku kwenye maeneo ya kawaida ya makazi, na 35 kwenye maeneo yaliyotengwa kwa makazi pekee, kikipimwa kwenye dirisha la jirani. Mara nyingi kifaa huhamishiwa juu ya paa. Kuchota joto ardhini hakuna kelele na namba yake ni nzuri, lakini kunahitaji visima vya mita mia moja hivi kwenda chini, na mtambo wa kuchimba lazima uweze kuingia uani. Majengo mengi ya katikati ya mji yana lango la upana wa gari dogo tu.

Kabla ya yote hayo, ulizia mpango wa joto wa mji wenu, yaani mpango unaoonyesha kila mtaa utapashwaje joto. Sheria nyingine, nayo iliyoanza Januari 2024, iliitaka miji yenye zaidi ya watu 100,000 iwe na mpango huo ifikapo 30 Juni 2026, na mingine 30 Juni 2028. Kama bomba la joto la mji, linaloleta maji ya moto kutoka mtambo mkubwa wa pamoja, litapita mtaani kwenu baada ya miaka mitatu, huenda kuungwa nalo kukawa rahisi kuliko pampu.

Pia ipo njia ya katikati isiyozungumzwa vya kutosha: pampu ndogo ifanye kazi siku nyingi za mwaka, boila isaidie siku chache za baridi kali. Marekebisho yale ya sheria yalitaka mtambo mpya utumie angalau asilimia 65 ya nishati jadidifu, na pampu inayofanya kazi pamoja na boila ikiwa na asilimia 30 tu ya nguvu inayohitajika siku ya baridi kabisa ilihesabiwa kuwa imetimiza sharti hilo. Ni kwa sababu siku za nyuzi 12 chini ya sifuri ni chache, na siku za nyuzi 5 juu ya sifuri ni nyingi mno. Kwa jengo ambalo halijawa tayari, njia hii naiona ya busara.

Hakuna anayekuja kung'oa boila

Sharti la asilimia 65 lilihusu mtambo mpya unaofungwa. Boila inayofanya kazi inaruhusiwa kuendelea, na ikiharibika inaruhusiwa kutengenezwa. Kuna kanuni ya zamani inayozitoa kazini boila za aina ya kale zaidi zikifikisha miaka 30, lakini nyingi zilizobaki ni za aina isiyoguswa na kanuni hiyo. Mwisho wa kuchoma mafuta ya kisukuku uliwekwa 31 Desemba 2044. Serikali iliyoingia madarakani Mei 2025 iliahidi katika makubaliano yake kuifuta sheria hii kama ilivyo, kwa hiyo tazama masharti yaliyopo siku mnayoamua. Fizikia ya nyuzi 55 haitabadilishwa na Bunge lolote.

Bei ya kaboni nayo ipo, na inaingia kwenye kila lita. Mwaka 2021 ilikuwa euro 25 kwa tani, mwaka 2025 euro 55. Lita ya mafuta hutoa kama kilo 2.7, basi kwa euro 55 ni karibu senti 15 kabla ya VAT. Tangu 2023 mpangaji halipi zote peke yake: kadiri jengo linavyotoa kaboni nyingi kwa mita ya mraba, ndivyo sehemu ya mwenye nyumba inavyokua, hadi asilimia 95. Jengo letu la mfano linatoa kama kilo 43 kwa mita, na kwa jedwali la sheria mwenye nyumba anabeba asilimia 70. Chukua hesabu yako ya mwisho ya joto uangalie kama mgawanyo huo umeandikwa. Nimeona wapangaji wenzetu wakilipa zote kwa kutojua tu.

Nani analipa

Kwa walionunua fleti: msaada wa serikali ulioanza 2024 kupitia benki ya KfW ni asilimia 30 ya gharama zinazokubalika, nazo zina kikomo cha euro 30,000 kwa fleti ya kwanza, 15,000 kwa kila moja ya tano zinazofuata, na 8,000 kwa kila moja baada ya hapo. Jengo la fleti 12 linafikia euro 153,000, na asilimia 30 yake ni 45,900. Anayeishi kwenye fleti yake mwenyewe anaweza kuomba nyongeza kwa fungu lake, ikiwemo asilimia 30 zaidi kama kipato cha kaya kinachotozwa kodi hakizidi euro 40,000 kwa mwaka, ilimradi jumla isivuke asilimia 70. Ndugu wengi wanaofanya kazi hospitalini, maghalani au kwenye mabasi wanaingia kwenye kundi hilo bila kujijua. Ombi hutangulia kazi, si baada ya kazi kuanza.

Kikaoni, wingi wa kawaida wa kura unatosha kuamua. Ili gharama ziwabane wote, hata waliopinga, kwa kawaida hutakiwa zaidi ya theluthi mbili ya kura zilizopigwa, zikiwakilisha zaidi ya nusu ya umiliki wa jengo. Usikose kikao hicho, au mpe jirani unayemwamini barua ya uwakilishi.

Kwa wapangaji: chini ya kanuni mpya iliyokuja na marekebisho yaliyoanza 2024, mwenye nyumba anayepokea msaada anaweza kuongeza kwenye kodi ya mwaka asilimia 10 ya gharama za mtambo, lakini kwanza auondoe msaada wa serikali na sehemu ambayo angeitumia kwa matengenezo ya kawaida, na nyongeza kwa ajili ya mtambo huo isizidi senti 50 kwa mita ya mraba kwa mwezi ndani ya miaka sita. Fleti ya mita 65, basi, ni euro 32.50 kwa mwezi. Zaidi ya hapo, dai maelezo. Na kama hakuonyesha kwamba namba ya mwaka itafika 2.5, aliruhusiwa kuhesabu nusu tu ya gharama, isipokuwa jengo liwe limetimiza masharti fulani. Moja ya masharti hayo ni kwamba maji yake ya rejeta hayazidi nyuzi 55 siku ya baridi kali. Sheria nayo ilisimama pale pale mafundi walipo. Barua kama hizi vyama vya wapangaji, Mieterverein, huzikagua kwa ada ya uanachama, na kwa euro mia kadhaa zinazobishaniwa kila mwaka, ada hiyo inajilipa.

Mtambo ukishafungwa, majira ya baridi ya kwanza huleta malalamiko ya aina moja: rejeta haziwaki. Umezoea kuigusa ikuunguze, sasa ina uvuguvugu wa kama mkono wako. Usiangalie rejeta, angalia kipimajoto cha chumba. Kikisoma 21, kila kitu kiko sawa. Tabia ya kufunga rejeta zote ukienda kazini na kuzifungua jioni ili kuokoa pesa nayo haifai hapa; pampu inapenda kwenda polepole bila kukatizwa, na chumba kilichopoa kabisa kinailazimisha kupandisha maji ya jengo zima.

Kwenye mkataba wa kazi hakikisheni mtambo unafungiwa mita mbili: moja ya umeme unaoingia, nyingine ya joto linalotoka. Mwezi wa Mei, baridi ikishaisha, soma zote mbili na ugawe ya pili kwa ya kwanza. Ikitoka 3 au zaidi, fundi wenu amefanya kazi nzuri. Ikitoka chini ya 2.5, mwiteni kabla muda wa dhamana haujaisha, mteremke naye hadi kwenye lile bomba lenye kipimajoto chekundu, na awaeleze kwa nini maji yanapanda yakiwa na joto lote hilo.